Picha ya Ua Nililomkatia Ng'ombe

Simu yangu bado ina picha za ua lile. Nyingi nimefuta, zimebaki kumi na moja, na kati ya hizo ni moja tu inayoonekana sawasawa. Zile kumi mbaya nimeziacha kwa sababu nikizifuta nitaanza kujiambia kwamba niliweza tangu siku ya kwanza. Sikuweza. Ilinichukua siku tano kupata picha moja ya ua lisilozidi ncha ya kidole gumba, na siku zote hizo ng'ombe alikuwa amesimama bandani, paji la uso amelikandamiza kwenye nguzo kama anayetaka kuiangusha.

Ng'ombe hakuwa wangu, na hilo naliandika mapema lisije likasahaulika huko mbele. Kwetu mtu anaweza kumweka ng'ombe wake kwa mwingine amtunzie. Mtunzaji anapata maziwa na samadi, ng'ombe na uzao wake wanabaki kuwa mali ya mwenyewe. Hakuna karatasi. Ng'ombe akifa, mtunzaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe na anaeleza amekufaje. Ngozi inaonyesha kwamba hukumuuza. Maelezo unayatoa wewe, na hakuna wa kuyapima.

Mwenyewe ni bibi mmoja wa Jorodom, kule Katesh, aliyekuwa rafiki wa mama yangu tangu wakiwa wasichana. Tope lilipoteremka kutoka mlimani lilichukua banda lake na ng'ombe wake wengine wote. Huyu alipona kwa kuwa siku ile alikuwa amepelekwa kwa jirani, kwenye dume. Bibi hakuwa na pa kumweka tena, akamleta kwangu Endagikot, akanikabidhi kamba mkononi. Nilitegemea maagizo mengi. Alitoa moja tu.

"Tangu siku ile anaogopa mvua," akasema. "Ikinyesha, mwongeleshe."

Nikawa namwongelesha. Watu walipita njiani wakanisikia nikimweleza ng'ombe habari za sokoni, nani kauza vitunguu saumu vyote na nani karudi navyo. Walinicheka, na mimi nikacheka nao, lakini mvua ikinyesha nilikwenda bandani. Alizaa ndama jike. Hadi hapo nilikuwa mtunzaji mzuri. Nadhani nilikuwa mzuri. Sasa ninapoandika hivi nasita, maana ubaya niliufanya kwa mikono ile ile niliyomhudumia.

Kosa lilianza na marejea. Ni mmea wenye maua ya njano, tulipewa mbegu zake kwenye kikundi cha wakulima, tukaambiwa unarutubisha udongo na mifugo inaweza kula. Nikapanda mistari minne chini ya nyumba. Kiangazi kilipokaza na malisho yakaisha, nikawa nakata marejea nachanganya na mabua ya mahindi. Mistari minne haikukaa siku nyingi. Lakini pembeni ya shamba, kwenye mtaro, yalikuwa yameota mengine mengi yenye maua ya njano vile vile, nikaona mbegu zimerukia huko. Nikakata na hayo. Nilikata karibu mwezi mzima.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, aliniona siku moja na mzigo kichwani.

"Wifi, hayo ya mtaroni mbona majani yake membamba?"

"Yamekosa mbolea," nikamjibu, "kama wewe."

Tukacheka mpaka mzigo ukanianguka. Ni lazima niandike kwamba aliuliza. Angekuwa amenyamaza, leo ningeweza kusema hakuna aliyeona.

Ng'ombe alianza kwa kuacha kula. Kisha manyoya yakasimama, weupe wa macho ukawa wa njano, akawa anatembea anagonga ukuta wa banda kama haoni. Bwana mifugo wetu alikuwa amehamishwa na mwingine hajaletwa. Aliyekuwa akimshikia nafasi alikuwa kwenye chanjo upande wa pili wa wilaya, mtu wa kutoka mkoa mwingine, sijawahi kumwona uso. Nikampigia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, hilo namshukuru hadi leo.

"Mama, hizo dalili zinaweza kuwa mambo mawili," akasema. "Inaweza kuwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na ndigana ina sindano, namtuma mtu kesho. Inaweza kuwa sumu ya majani imeshika ini. Kama ni sumu, ile sindano haimsaidii, inamwongezea mzigo tu. Anakula nini?"

"Mabua. Na marejea."

"Una uhakika ni marejea?"

"Nina uhakika."

"Yana ndugu zake wa porini, wanafanana sana. Nipigie picha ya ua. Nataka kuona mistari iliyo kwenye ua, na vinyweleo vya ganda la mbegu. Picha ikiwa safi nitajua nimtumie sindano au nisimtumie."

Nikasema sawa. Nilidhani kupiga picha ya ua ni kazi ya dakika moja.

Sisi kwetu mtu hapigwi picha hivi hivi. Anaoga, anabadilisha nguo, anatafutiwa mahali pasafi pa kusimama. Nadhani ndiyo maana nilifanya nilivyofanya. Nilikwenda mtaroni nikachagua ua zuri kuliko yote, nikalichuma, nikanyofoa majani yaliyoliwa na wadudu, nikalisuuza vumbi kwenye kikombe. Nikatoa meza nje juani, nikatandika kitambaa cheupe cha kochi, kile nilichofuma mwenyewe, nikalilaza ua katikati. Nikapiga tatu, nikatuma. Nilijisikia nimemheshimu bwana mifugo.

Jibu lilikuja jioni, kwa sauti. Nilimsikia anajaribu kutocheka.

"Mama, hiyo ni picha nzuri ya kitambaa."

Nikaifungua upya. Ni kweli. Kitambaa kilikuwa kinang'aa mpaka tundu zake za kufuma zinahesabika, na ua lililala pale katikati limekuwa la kahawia, kama kipande cha tumbaku. Alinieleza kwa upole kwamba simu ikiona weupe mwingi inadhani kuna mwanga mno, inapunguza, na kile kisicho cheupe kinaingia giza. Na jambo la pili: nilikuwa nimelinyofolea majani na maganda, vitu alivyovihitaji. "Liache kwenye mti wake, mama. Usilivalishe, usilivue. Nenda ulipo mmea."

Siku moja ikawa imekwisha hivyo. Ng'ombe alikunywa maji kidogo.

Kesho yake saa sita mchana nikaenda mtaroni, jua limesimama wima. Nilifikiri mwanga mwingi ndiyo picha nzuri. Udongo wa pale ni mweusi, na safari hii mambo yakageuka: simu iliona udongo, ikaongeza mwanga, ua likaungua. Kwenye picha lilikuwa doa tu, njano iliyokaribia kuwa nyeupe, halina mstari wala ukingo, kama taa iliyowashwa mchana. Nikasogea karibu zaidi, nikaona nikiligusa kwa simu litaonekana. Likawa ukungu kabisa na udongo wa nyuma yake ukaonekana vizuri sana, mpaka chungu mmoja alikuwa anapita. Picha ile ipo kati ya kumi na moja. Chungu ana miguu yake yote.

Bwana mifugo akaniambia simu ina umbali ambao chini yake haiwezi kuona, sawa na mtu anayejibandika gazeti puani. Nirudi nyuma hatua moja, halafu nivute picha ikue. Akanifundisha kugusa ua pale kwenye kioo, kidole nikishikilie mpaka kitokee kialama cha jua, kisha nikiteremshe kile kijua polepole mpaka njano itulie na mistari ianze kuonekana. "Bora iwe giza kidogo kuliko kuungua," akasema. "Yenye giza naweza kuikuza huku nikaona kitu. Iliyoungua haina kitu ndani."

Niliyaandika yote kwenye daftari, neno kwa neno, kwa kuwa mimi niliishia darasa la saba na nikisikia maelekezo mawili la kwanza linatoka. Siku ya tatu nikaenda na daftari mtaroni, nikaliweka chini na jiwe juu yake. Nikarudi hatua. Nikagusa ua. Nikateremsha kijua. Lakini upepo. Anayekaa kwetu anaujua upepo wa kiangazi, hauvumi kwa nguvu sana ila haupumziki. Kikonyo kirefu, ua juu yake linatikisa kichwa kama mtu anayekataa. Nikachonga kijiti, nikakichomeka pembeni, nikafunga kikonyo kwa uzi wa katani. Ua likatulia. Nikapiga magoti, kisha nikalala kifudifudi.

"Wifi," nikasikia nyuma yangu, "unaliombea au unalipiga picha?"

"Nyamaza, natetemeka."

"Sasa ukitetemeka umelala, ukisimama je?"

Nikapiga ishirini. Zote zilikuwa na utando. Sasa haikuwa mtikisiko, maana ukingo haukuwa mara mbili, wala haikuwa kuungua. Ilikuwa kama kutazama kupitia dirisha lenye mvuke, na penye mwanga palikuwa na mistari inayosambaa. Nikatuma bora yake. Akajibu maneno mawili: haisomeki bado. Nilipoomba msamaha akajibu tena, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mama, mimi sina tatizo. Ng'ombe ndiye hana muda."

Yalinichoma, lakini alisema kweli. Naye alikuwa juani tangu asubuhi na mifugo ya watu wengine.

Sasa nifike penye aibu kuliko kitambaa. Jioni ile nilikaa bandani nikahesabu sababu: macho yangu, mikono yangu, simu yangu ya kununua kwa mtu, elimu yangu. Kila sababu niliiona ina haki. Kisha ikaja nyingine ambayo sikuitaka. Nilijiuliza kama sikuwa naharibu picha mwenyewe. Kama ua likionekana vizuri na likawa siyo marejea, basi ni mimi niliyemlisha sumu kwa mwezi mzima. Likibaki na ukungu, hakuna atakayejua, na ng'ombe akifa atakuwa amekufa kwa ugonjwa kama wanavyokufa wengine. Sikumbuki kutaka hivyo. Lakini nilikumbuka wifi alivyouliza, na nikakumbuka kwamba tangu ng'ombe augue sikuwa nimeyalinganisha majani ya mtaroni na yale ya mistari minne hata mara moja, wakati ni hatua hamsini tu. Mtu asiyetaka kujua hufanya hivyo hivyo. Niliandika kwenye daftari: "Huenda mkono wangu unatetemeka kwa makusudi." Sentensi ile ipo, na hadi leo sijaweza kuikata wala kuithibitisha.

Siku ya nne bwana mifugo akaniambia niache ua. "Piga picha ya kitu kingine chochote. Kilima. Nyumba." Nikapiga nyumba ya wifi. Ilikuwa na utando ule ule, bati lake linatoa miali kama la mbinguni.

"Mama, hebu geuza simu. Kale kakioo ka kamera kakoje?"

Nikageuza. Kalikuwa na mafuta. Mafuta ya kukamulia, yale mazito ya kupaka chuchu zisipasuke. Tangu siku ya tatu, kila asubuhi, nilikuwa namjaribu ng'ombe kama bado ana tone la ndama, kisha kwa vidole vile vile nachukua simu natoka mbio kuwahi mtaroni. Siku zote mbili nilipiga picha kupitia mafuta ya ng'ombe mwenyewe.

Nilikaa chini palepale. Wifi akaja akidhani nimepata habari ya msiba. Nilipomwonyesha hakucheka, na yeye ni mtu wa kucheka. Alichukua pindo la khanga yake, akapumulia kile kioo, akafuta, akapumulia tena, akafuta.

"Kumbe hukuwa unatetemeka," akasema.

Nilitaka sana kumwamini.

Siku ya tano tulitoka mapema, ukungu bado umekaa mtaroni. Bwana mifugo alikuwa amesema mwanga mzuri wa ua ni ule usio na kivuli kikali, asubuhi ya mawingu au ukungu mwembamba, na upepo unakuwa haujaamka. Nilinawa mikono kwa sabuni mara mbili. Nilibeba ndoo ya kukamulia, nikaifunika chini-juu mbele ya mmea, nikaweka simu juu yake na viwiko vyangu pande zote mbili. Jua lilianza kupenya, nikamwambia wifi afungue mwamvuli mweusi alifunike ua lisipigwe.

"Hata kwenye harusi yangu sikushikiwa mwamvuli," akasema.

"Kwenye harusi yako hukuwa mzuri hivi."

"Piga basi, mkono unaniuma."

Nikaligusa ua kwenye kioo, nikashikilia, nikateremsha kijua. Nikavuta pumzi nikaibana. Nikabonyeza bila kuusogeza mkono, kama mtu anayebonyeza jipu la mtoto aliyelala.

Nikaikuza. Ua lilikuwa pale lote. Njano yake ilikuwa njano kweli, na ndani yake mistari ya rangi ya damu iliyokauka, myembamba, inatoka kooni mwa ua kwenda ukingoni, naweza kuihesabu. Ganda la mbegu lililokuwa chini yake lilikuwa na vinyweleo, na kila kinyweleo kilibeba umande wake. Sijawahi kufanya kitu kizuri namna ile kwa mikono yangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na nilijionea aibu saa ile ile kwa kufurahi.

Kisha nikainuka nikaenda zile hatua hamsini. Kwenye mistari minne yalikuwa yamebaki mashina mawili yenye maua. Majani mapana. Ganda laini, halina kinyweleo hata kimoja. Sikuhitaji kuulizwa na mtu.

Picha niliipiga asubuhi ya ukungu. Niliituma saa saba mchana. Ule muda wa katikati nilisema bando limekwisha, nikasema simu imepungua chaji, nikasema nimsubiri bwana mifugo amalize kazi. Bando lilikuwepo. Chaji ilikuwepo. Nilikaa bandani nikimwangalia ng'ombe akisukuma nguzo, na picha iko mfukoni.

Alijibu haraka. Alitaja jina refu la kitaalamu ambalo siwezi kuliandika. Alisema ndilo, la porini, ni sumu ya ini na inajilimbikiza polepole. Nisimpe tena. Maziwa yakitoka nimwage, ndama nimtafutie ya ng'ombe mwingine. Sindano hakuna. Mpe maji, mpe kivuli, subiri. Nilimwambia kwamba picha nilikuwa nayo tangu asubuhi. Akasema nusu siku isingebadilisha kitu, ini lilikuwa limeharibika zamani. Sijui kama ilikuwa kweli au alinionea huruma. Ni mtu mwema, na watu wema kwenye jambo kama hilo siwezi kuwategemea kwa ushahidi.

Ng'ombe akafa siku tatu baadaye, asubuhi ya manyunyu. Nilikuwa nimekaa naye. Nilimweleza habari za sokoni, mambo yale yale, nani kauza, nani karudi navyo. Sijui alisikia.

Majirani wakaja na visu na ndoo, kama ilivyo kawaida, ng'ombe akifa nyama haitupwi. Bwana mifugo alikuwa amesema asiliwe, afukiwe. Nikawaonyesha picha.

"Kaua kadogo haka ndiko kameua ng'ombe?" mzee mmoja akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Na wewe umeona kwenye simu."

"Nimempa mwenyewe, baba. Mwezi mzima."

Wengine waliondoka wamekasirika, na siwalaumu, kiangazi kilikuwa kigumu na nyama ile ingelisha nyumba nyingi. Wawili walibaki wakanisaidia kumchuna na kuchimba shimo. Ngozi nikaipaka chumvi, nikaiwamba kwa vigingi nyuma ya nyumba mpaka ikakauka.

Usiku wa kabla ya safari wifi alinisaidia kuiviringisha kwenye gunia la salfeti. "Peleka ngozi," akasema. "Sema aliugua, macho yakawa njano, akafa. Hakuna uongo hapo hata kidogo. Nani atakudai picha?"

Alisema kwa kunipenda. Na kweli hakukuwa na uongo. Hilo ndilo lililonisumbua njia nzima kutoka Mbulu mjini, nikiwa na salfeti miguuni, kwamba ningeweza kueleza kifo kile mwanzo hadi mwisho bila neno moja la uongo na bado nikawa mwongo.

Bibi alikuwa nje ya chumba chake anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na salfeti?"

Hakungoja jibu. Aliitazama salfeti, akaendelea kuchambua maharage kwa muda, punje moja moja, mbaya huku, nzuri huku.

"Mvua ilikuwa inanyesha?" akauliza.

"Manyunyu."

"Ulimwongelesha?"

"Nilimwongelesha, bibi."

Akatikisa kichwa kukubali. Akasogeza ungo, akaweka mkono juu ya salfeti. Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa ameniridhia, niliona, na angenipa chakula na tungemzungumzia mama yangu, na ningerudi nyumbani ni mtunzaji aliyepatwa na bahati mbaya.

"Bibi, yapo maelezo," nikasema. Nikatoa simu, nikafuta kioo cha nyuma bila sababu, nikafungua picha.

Aliishika mbali na uso, mkono umenyooka. Aliangalia muda mrefu.

"Linaonekana kama liko hapa," akasema. "Naona mpaka manyoya yake. Ulimpa hili?"

"Nilimpa mimi. Nilidhani ni marejea. Wifi aliniuliza, sikusikiliza. Na picha nilipoipata nilikaa nayo nusu siku kabla sijaituma kwa bwana mifugo."

Sikuwa nimepanga kusema hilo la mwisho.

Alisimama, akatembea na simu yangu kuzunguka nyumba. Nikamfuata. Kioo kilizima, akanirudishia bila kuniangalia niwashe, akachukua tena. Nyuma, pale tope lilipopita na kukauka, palikuwa pameanza kuota majani, na kijani pekee cha kiangazi kile upande ule kilikuwa hapo. Mbuzi wawili wa jirani walikuwa wamefungwa wanakula. Bibi akainama kwa shida, akashika shina moja lenye ua la njano, akaliweka sambamba na simu. Aliangalia ua, akaangalia picha, akaangalia ua. Alipitisha ukucha kwenye mstari mmoja mwekundu, kisha kwenye ganda.

"Ndilo," akasema.

Aliwafungua mbuzi mwenyewe, hakuniruhusu nishike kamba. Akaita jirani, akamwambia asiwafunge pale tena, akamwonyesha ua kwenye simu na ua kwenye udongo. Jirani naye akalinganisha. Yalikuwa yameota mengi, yameenea mpaka kwenye mawe.

Tuliporudi mbele ya chumba akaketi tena penye ungo wake.

"Ndama mlete," akasema. "Nitatafuta mahali pa kumweka."

"Ndiyo, bibi."

Nilijua maana yake, na ilikuwa haki. Nilitaka aseme neno jingine lolote. Alichosema ni kwamba simu nitaondoka nayo, na watu wa pale wengi wana simu za kubonyeza, kwa hiyo picha itoke kwenye karatasi, kubwa, nimletee kabla sijapanda gari.

Nikaenda mjini Katesh, kwenye duka la kutoa kopi. Dada aliyekuwa kwenye kompyuta aliihamisha picha, akaikuza ikajaa kioo chote, akaegemea nyuma.

"Mama, umepigia kamera gani?"

"Simu hii."

"Haiwezekani. Ona hii mistari! Umekaa saa ngapi kuipata?"

"Siku tano."

"Ndiyo maana. Hii ni ya kuweka sebuleni. Nikuwekee na maneno chini? Wengi wanapenda, Hongera, au Karibuni Nyumbani."

"Andika: Msilishe mifugo."

Akageuka akanitazama, kisha akaitazama picha. "Hili?"

"Hili hili."

Akaandika. Akarudia kusoma kimya, midomo inacheza. Halafu akauliza kama herufi aziweke nyekundu, nyekundu watu wanaiona haraka, na aziweke pale katikati.

Nikamwambia aziweke nyeusi, na ziwe chini kabisa, zisiguse mistari.